Oili ya kwanza ya gari jipya: nilivyoamua imwagwe lini

Mtu akinunua gari lililokwishatumika, suala la oili halimsumbui. Anamwaga siku hiyo hiyo, anaweka mpya, anaanza kuhesabu upya. Gari jipya ndilo lenye mjadala. Ndani ya injini kuna oili ambayo hukuiweka wewe, dumu lake hukuliona, na kila unayemuuliza ana jibu lake mfukoni.

Aliyeniuzia gari alisema niende tu, nirudi kilometa 10,000 zikifika au mwaka ukitimia, lolote litakalotangulia. Fundi ninayemwamini, mtu aliyezeekea gereji, alitikisa kichwa: "Bosi, elfu moja tu, mwaga. Ukiona kitakachotoka utanishukuru." Dashibodi nayo ilikuwa na maoni yake, asilimia mia ya uhai wa oili, ikishuka pole pole kadiri nilivyoendesha. Na shemeji yangu, ambaye gari lake ni pacha wa langu, alisema kitabu kimeshaandikwa na waliolitengeneza, kwa nini nijitafutie kazi.

Wote wanne walikuwa na sababu. Kilichonichukua muda ni kuelewa kila mmoja wao alikuwa na injini gani kichwani, na barabara gani.

Nianze na fundi, maana yeye ndiye aliyenitia wasiwasi. Injini mpya haijakamilika siku inapotoka kiwandani. Kuta za silinda huchorwa makusudi mistari midogo inayopishana, ili oili ipate pa kukaa. Ringi za pistoni zinapopanda na kushuka husaga ncha za mistari hiyo hadi ringi na ukuta vikaane sawasawa. Kinachosagwa huingia kwenye oili. Ongeza hapo masalia ya kiwandani: vumbi la chuma lililojificha kwenye pembe baada ya kuchonga, mabaki ya gundi ya gasketi, vilainishi vilivyopakwa wakati wa kuunganisha. Filta hukamata mengi, lakini si yote. Filta nyingi za oili hufanya kazi vizuri kwa chembe za mikroni 20 hadi 40 na kuendelea (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), na zilizo ndogo zaidi ya hapo hupita na kuzunguka tena. Isitoshe, ndani ya filta au karibu nayo kuna vali ambayo hufunguka oili ikiwa baridi na nzito, au filta ikiziba, ili injini isikose oili kabisa. Vali hiyo ikifunguka, oili inapita bila kuchujwa.

Kwa hiyo fundi hakuwa anasema hadithi. Katika injini alizojifunzia kazi, kusagana kwa mwanzo kulikuwa kwingi, na viwanda vyenyewe viliagiza oili ya kwanza imwagwe kwenye kilometa 1,000, vingine hata kabla ya hapo. Kilichobadilika tangu wakati huo ni uchongaji. Siku hizi viwanda vingi huongeza hatua moja ya kumalizia kuta za silinda, inayokata zile ncha kabla injini haijawashwa hata mara moja. Kazi ambayo zamani ilifanywa na dereva kwa kilometa zake mwenyewe, sehemu kubwa sasa imeshafanywa na mashine.

Ukiwageukia watengenezaji ili wakuamulie, nao hawaimbi wimbo mmoja. Magari ya BMW ya daraja la M, yale ya mwendo kasi, huitwa gereji kwa ukaguzi wa kujizoeza (kipindi injini mpya inapokaa sawa) yakifika kilometa 2,000, na oili humwagwa hapo. Honda kwa muda mrefu imewashauri wenye magari yake waiache oili ya kiwandani hadi servisi ya kwanza iliyopangwa, kwa maelezo kwamba oili hiyo ina kazi yake wakati injini inajizoeza. Kundi la Volkswagen lina mpango wa oili maalumu unaoweza kufika kilometa 30,000 au miaka miwili. Ukisoma hayo yote siku moja unaweza kudhani mmoja wao anadanganya. Hakuna anayedanganya. Injini ya mbio yenye mizunguko mingi, injini ndogo ya familia, na injini iliyojazwa oili ya bei ya juu kwa ajili ya safari ndefu ni viumbe watatu tofauti. Tangu hapo niliacha kuazima jibu la gari la mtu mwingine, labda tu kama ni gari lile lile kwa matumizi yale yale.

Kuna jambo moja ambalo kitabu na fundi walikubaliana bila kujuana, nalo ni namna ya kuendesha mwanzoni. Kwa kilometa 1,000 hivi za kwanza: usikanyage mafuta mpaka chini, usivute mzigo mzito, na usikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Hili la mwisho watu wengi hulisahau. Wanadhani kulitunza gari jipya ni kuliendesha kinyonge, mwendo ule ule saa nzima. Ringi hujibana kwenye ukuta wa silinda kwa msukumo wa gesi inayoungua, na msukumo huo lazima upande na kushuka ndipo zikae vizuri. Nilipopata barabara iliyo wazi nilikuwa naongeza mwendo kwa kiasi, naachia, naongeza tena. Aliyekuwa nyuma yangu sijui alinifikiriaje.

Nikarudi kwenye kitabu, safari hii kwa utulivu. Watu wanaosema "fuata kitabu" mara nyingi huwa wamesoma mstari mmoja. Katika kitabu cha gari langu jedwali la servisi ni mawili. La kwanza ni la matumizi ya kawaida, na ndilo lenye kilometa 10,000. La pili limewekwa kurasa kadhaa mbele, lina kichwa cha matumizi magumu, na humo oili hubadilishwa kila kilometa 5,000 au miezi sita. Chini yake kuna orodha ya kukusaidia kujitambua: safari fupi za mara kwa mara, foleni za kusimama na kuondoka, injini kuunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama, barabara za vumbi, joto kali au baridi kali, milima mingi, kubeba au kuvuta mizigo.

Niliposoma orodha hiyo nilicheka. Mtu wa jedwali la kwanza ni yule anayewasha gari asubuhi, akaingia barabara kuu ya lami isiyo na vumbi, akaenda kwa mwendo wa wastani bila mzigo wala foleni, hewa ikiwa poa, akafika mbali kabla hajazima. Yupo, bila shaka. Mimi siye. Na nikiwahesabu wenye magari ninaowafahamu, karibu wote wanaishi kwenye jedwali la pili huku wanafanya servisi kwa jedwali la kwanza. Aliyeniuzia gari hakunidanganya aliponitajia elfu kumi, ila hakuniuliza naendesha wapi.

Lakini hata elfu tano ni namba tu, nami nilitaka kujua imetoka wapi. Kilichonifumbua macho ni kipimo kidogo cha dashibodi ambacho kila mtu hukipita: wastani wa mwendo. Changu kilikuwa kinasoma kati ya 20 na 25 kwa saa, wiki baada ya wiki. Niliona ni kidogo mno, nikadhani kimeharibika. Hakikuharibika. Kilikuwa kinahesabu zile dakika zote nilizosimama injini ikiwaka.

Chukua kalamu. Gari lenye wastani wa kilometa 20 kwa saa, likifika kilometa 5,000, injini yake imefanya kazi saa 250. Gari lenye wastani wa kilometa 80 kwa saa linahitaji kilometa 20,000 ili injini yake ifikishe saa hizo hizo 250. Odometa moja inasoma mara nne ya nyingine, na oili zote mbili zimezunguka kwa muda ule ule. Tena, ile ya foleni ndiyo imepata tabu zaidi, kwa kuwa injini imekuwa ikipoa na kupata moto, ikiunguza mafuta bila ukamilifu, hewa ya kupooza ikiwa haba. Matrekta, jenereta na mitambo ya ujenzi hufanyiwa servisi kwa saa, sio kwa umbali, na hakuna anayeshangaa. Gari la mjini ndilo tunalolipima kwa kilometa kwa sababu tu odometa ipo mbele ya macho yetu.

Safari fupi zina ubaya wake wa pekee, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipobadilisha mawazo kabisa. Nilikuwa naamini gari linalotembea kidogo linachosha oili kidogo. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Mengi hutoka kwa bomba la moshi, na ndiyo matone unayoyaona asubuhi. Lakini kila mlipuko ndani ya silinda husukuma gesi kidogo ipenye kando ya ringi na kushuka hadi kwenye sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini. Injini ikiwa ya moto, mvuke huo na petroli iliyopenya hufukizwa, vikavutwa na mfumo wa hewa na kuunguzwa tena. Injini ikiwa baridi, vinabaki chini. Na injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida ili isizime, kwa hiyo inayopenya ni nyingi zaidi.

Kosa rahisi ni kuamini mshale wa joto. Mshale ule unapima maji ya radieta, na maji hupata moto mapema. Oili hufuata nyuma kwa dakika kadhaa. Ukiendesha mpaka mshale ukafika katikati, kisha ukazima, umezima kabla oili haijaanza kujisafisha. Fanya hivyo kila siku, ndipo utakapofungua kifuniko cha oili siku moja ukute utando mweupe kama krimu chini yake. Si lazima gasketi iwe imeungua na kupitisha maji ya radieta. Mara nyingi ni maji yaliyokosa joto la kuyaondoa.

Kwenye injini zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, jambo hili huzidi. Dalili yake hukosewa kirahisi: kiwango cha oili kwenye kijiti cha kupimia kinapanda badala ya kushuka. Mwenye gari anafurahi kwamba injini yake haili oili, kumbe inaongezewa petroli. Nusa kijiti. Ikinuka petroli waziwazi, usisubiri kilometa zozote. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi kuliko ilivyokusudiwa, na utando wake kati ya vyuma hupungua nguvu.

Tofauti na harufu, rangi haikunisaidia kitu. Oili yangu ya kwanza ilianza kuwa nyeusi mapema, na kila aliyeiona alisema imekufa. Ndani ya oili kuna viungo ambavyo kazi yake ni kung'oa uchafu na kuushikilia ukielea, usigande kwenye vyuma. Maji ya kufulia yakiwa machafu, nguo ndiyo imetakata. Oili ya injini ya dizeli huweza kuwa nyeusi siku ile ile ya kuiweka kwa sababu ya masizi, na bado ikawa nzima. Oili inayokaa safi sana kwa muda mrefu huenda haifanyi usafi wowote. Kinachoisha ndani ya oili hakionekani kwa jicho: uwezo wa kuua asidi zinazotokana na kuungua kwa mafuta, viungo vya kuzuia isioze kwa joto, na ule uwezo wa kushikilia uchafu. Vikiisha, oili inaanza kuwa nzito na kuacha utando mzito kama lami kwenye njia nyembamba, na hapo ndipo njia za oili huziba.

Baada ya hapo niligeukia asilimia za dashibodi. Nilitamani nizifuate tu, maana ni raha mtu kuamuliwa. Mifumo ya namna hii si migeni. General Motors waliingiza wa kwao mwishoni mwa miaka ya 1980. Ila mingi haina kifaa kinachoonja oili. Ni hesabu. Kompyuta inajumlisha mizunguko ya injini, joto, idadi ya kuwasha baridi, muda, kisha inakisia oili imebaki na uhai kiasi gani. Ni kisio zuri, zuri kuliko kilometa peke yake, kwa sababu linajua habari za foleni na safari fupi ambazo odometa haizijui. Lakini halijui umeweka oili gani. Halijui kama filta ya hewa inapitisha vumbi. Katika magari mengi halijui hata kama oili imepungua. Unaweza kuambiwa asilimia 40 imebaki huku sampo ikiwa na nusu ya oili yake. Nikaamua kuitumia kama mpaka wa juu: ikisema imwagwe, inamwagwa, lakini sisubiri iseme.

Kuna wakati nilichoka kubahatisha nikatuma sampuli maabara. Huduma hii ilizoeleka zamani kwa ndege, meli na mitambo mikubwa, na hakuna kinachomzuia mwenye gari dogo kuitumia. Unachukua oili ikiwa ya moto, katikati ya mmwagiko, sio ile ya kwanza iliyobeba uchafu wa chini wala ya mwisho. Maabara wanapima vyuma kwa sehemu katika milioni, wanapima unene wa oili, petroli iliyoingia, maji, na uwezo uliobaki wa kuua asidi.

Majibu ya oili ya kiwandani yalitisha kwa mtazamo wa kwanza. Chuma kilikuwa juu, shaba juu, silikoni juu sana. Silikoni kwa kawaida humaanisha vumbi la nje limepenya filta ya hewa, nami nikaanza kukagua mabomba ya hewa kwa tochi. Maelezo ya chini yalinituliza: kwenye injini mpya silikoni nyingi hutoka kwenye gundi ya gasketi, hupungua yenyewe. Oili ya pili ilithibitisha. Namba zote za vyuma zilishuka kwa kiasi kikubwa, na ya tatu zikatulia. Shaba ilichelewa kidogo kuliko chuma, jambo la kawaida kwa injini yenye kipozeo cha oili. Kwa hiyo fundi alikuwa na haki kwamba oili ya kwanza ina chuma. Kama chuma hicho, kilicho kidogo cha kupita kwenye filta, kingeiumiza injini kabla ya kilometa 10,000, majibu yale hayakusema, na sitaki kuyasemea.

Sasa niutaje uamuzi wenyewe, jinsi ulivyo. Oili ya kiwandani niliimwaga nilipokaribia kilometa 3,000. Sikwenda na elfu moja ya fundi, kwa sababu injini hii haikuchongwa kama zile zake na kitabu hakikuniagiza kuharakisha. Sikungoja elfu kumi, kwa sababu kumwaga oili mara moja ya ziada katika maisha yote ya gari ni kazi ndogo ukilinganisha na kuishi na shaka. Ningekuwa na gari ambalo mtengenezaji wake anasema wazi oili ya kwanza iachwe, ningeiacha. Tangu hapo nafuata jedwali la matumizi magumu: kilometa 5,000 au miezi sita. Kwangu miezi sita ndiyo hutangulia.

Servisi ya kwanza ya miezi sita ilikuwa na kichekesho. Kijana wa mapokezi aliangalia odometa akaniambia nirudi baadaye, bado sana. Nikamwonyesha mstari wa miezi kwenye kitabu chao wenyewe. Oili huzeeka hata gari likilala: hewa, unyevu na asidi zilizokwisha kuingia haziendi likizo. Akaandika kazi, lakini uso wake ulisema anamhudumia mtu wa maneno mengi.

Waranti nayo ina masharti yake. Kubadilisha oili mapema kuliko ratiba hakuvunji chochote, mradi oili na filta viwe vya daraja lililoandikwa kitabuni na uweke risiti zenye tarehe na kilometa. Kinacholeta matatizo ni kuchelewa, au kuweka oili ya aina nyingine.

Na hapo kwenye aina ndipo mimi na fundi tulipobishana kwa kweli. Kitabu kinataka 0W-20. Fundi aliishika chupa, akaitikisa, akasema, "Hii ni maji, bosi. Tuweke nzito, injini itakaa." Ninaelewa anakotoka. Tarakimu ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, ya pili unene wake ikiwa ya moto, na ishirini ni nyepesi kweli ukilinganisha na arobaini aliyozoea. Lakini nafasi kati ya vyuma, pampu ya oili, na vifaa vinavyobadilisha majira ya vali kwa msukumo wa oili vyote vimepangwa kwa unene fulani. Kitabu cha gari langu kinaruhusu hatua moja nzito zaidi kwa joto kali na mizigo, na hiyo ndiyo niliyokubali kama tutalazimika. Daraja la ubora wa oili nalo lina uzito wake. Gari langu lina turbo, feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na API SP, daraja la Taasisi ya Petroli ya Marekani lililoanza mwaka 2020, lilitungwa pamoja na mambo mengine kwa ajili ya injini ndogo za turbo ambazo mchanganyiko huweza kuwaka kabla ya wakati zikiwa na mzigo kwenye mizunguko ya chini, na pia kulinda mnyororo wa majira usichakae. Shafti ya turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando wa oili. Hapo sina ujasiri wa kubuni.

Wenye dizeli zenye kichujio cha masizi wana sababu yao ya kuwa makini: oili isiyo ya daraja lake huacha majivu yanayokiziba, na majivu hayaungui kama masizi.

Katika hangaiko lote hili la tarehe, jambo ambalo ningelipa nafasi ya kwanza kama ningeanza upya ni kiwango. Injini mpya inaweza kula oili kidogo ringi zikiwa bado hazijakaa, na watengenezaji wengine huhesabu hata nusu lita kwa kila kilometa 1,000 kuwa bado ni kawaida. Kwenye magari mengi umbali kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti ni kama lita moja. Fanya hesabu hiyo kwa mtu aliyeambiwa asiguse boneti mpaka elfu kumi. Taa nyekundu ya oili haimsaidii, maana inaonya msukumo ukikosekana, sio oili ikipungua, na ikiwaka kwa sababu ya upungufu vyuma vimeshaanza kusuguana vikavu. Oili ya miezi minane iliyojaa ni salama kuliko oili ya mwezi mmoja iliyopungua nusu. Napima gari likiwa mahali tambarare, injini imepata moto kisha imezimwa dakika chache ili oili ishuke. Nafuta kijiti, nakirudisha, nachomoa, nasoma. Na sijazi kupita alama ya juu, kwa kuwa krenki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, ikianza kuipiga oili inatoa povu, na povu halilainishi.

Jirani yangu mwenye gari la haibridi aliniuliza kama afuate mpango wangu. Nilimwambia apunguze kuniamini. Injini yake hulala na kuamka safarini, kilometa nyingine zinaendeshwa na betri, kwa hiyo odometa inazidisha kazi ya oili. Lakini injini inayowaka dakika mbili na kuzima dakika tano huchelewa kupata joto, kwa hiyo maji na petroli hukaa. Ila safari zake ni ndefu, na mtengenezaji wake ameshahesabu huko kuwaka na kuzima kwenye ratiba. Amebaki na ratiba, na akaongeza kipimo cha kunusa kijiti.

Shemeji naye bado anakwenda elfu kumi. Nilimsukuma atume sampuli, akatuma ili ninyamaze. Yeye hushinda barabara kuu, wastani wake wa mwendo ni karibu mara tatu ya wangu, na oili yake ilirudi ikiwa na nguvu ya kutosha, petroli karibu hakuna, vyuma vimetulia. Magari ni yale yale, injini ile ile, chupa za oili zimeandikwa sawa. Yeye anamwaga mara moja pale ninapomwaga mara mbili, na sina hoja ya kumfanya abadilike. Nilichofanikiwa kumwingiza ni kupima kijiti kila anapojaza tangi, na hata hilo alilikubali baada ya kukuta oili imebaki robo tu juu ya alama ya chini.